Nakala ya Kijiji Kilichoinama

Malangali, Sumbawanga
12 Novemba 2023

Kwa Mzee Tadei Kalolo,
Wampembe.

Shikamoo Mzee.

Hunifahamu, na kwa habari zako ninazozisikia, hutapenda kunifahamu. Naitwa Margareth Sinkala. Nina miaka arobaini na mmoja, naishi Malangali, nalima mahindi na ulezi kama kila mtu, na kiangazi naandika mabango. Ukipita Sumbawanga mjini ukaona DUKA LA BASHIRI: NONDO, SARUJI, MISUMARI, ile ni kazi yangu. Kuku aliyechorwa kwenye ukuta wa mama anayeuza chipsi karibu na stendi ni wangu pia. Watu husema anatazama kama anayejua yatakayompata.

Nakuandikia kwa sababu ya Matai. Ushirika wa wakulima unamalizia ukumbi wake kule, na ukuta wa mbele umeachiwa nafasi ya picha moja kubwa ya nchi yetu ya Ufipa. Nilikwenda kuomba niichore mimi. Katibu wao, Bwana Elia, alinisikiliza vizuri, akanipa soda, kisha akasema, "Mama, wewe tutakupa kibao cha choo. Picha tumeshamwachia Mzee Kalolo. Yule ndiye mchoraji." Nilikunywa soda yote ili nisiseme neno.

Njia nzima ya kurudi nilijiuliza kama amenitukana au amesema kweli. Sijafundishwa kuchora na mtu yeyote. Naijua rangi ya ukutani, naijua brashi bapa, najua herufi zikaeje zisimame sawa. Lakini nikichora mlima unatoka kama herufi A. Nataka kujua kama ndani yangu kuna mchoraji au kuna mwandika mabango tu, na nataka kujua kabla sijazeeka. Ukuta wa Matai ni wako, siuombi. Naomba unifundishe, na mwishoni uniambie ukweli.

Simu yako nimepiga mara saba, haipokelewi. Ridhiwani, dereva wa Bashiri anayefuata dagaa huko kwenu, ndiye aliyeniambia kwamba barua unasoma. Hufika huko kila baada ya wiki mbili tatu. Kazi utakazonipa nitampa alete.

Ni mimi,
Margareth Sinkala


Wampembe
3 Desemba 2023

Wewe Margareth,

Marahaba. Simu ninayo, sipokei. Anayetaka kunisumbua akae chini aandike, apate tabu kidogo kama ninayoipata mimi kumsoma. Barua hii anaiandika dada yangu Dominika, mimi nasema. Mkono wangu haukuumbwa kwa ajili ya barua.

Umenitajia kuku na misumari kana kwamba ni vyeti. Huyo kuku nilimwona mwaka juzi nilipopita mjini. Ana miguu mitatu, mmoja umeuita mkia. Nilidhani kamchora mtoto, nikasema basi, atakua.

Wanafunzi nimewahi kuwa nao wanne. Mmoja anauza vocha, wawili wameoa, wa nne alikufa, na huyo ndiye pekee ambaye hajaniaibisha. Sikuhitaji wa tano. Lakini umeandika barua bila kuniita mheshimiwa, na herufi zako zimenyooka, basi nitakutazama kwa muda.

Sitakufundisha sanaa ni nini. Wanaofundisha hayo hawajui kuosha brashi. Utanakili picha moja, yangu, ile ya mwaka 1984 iitwayo Kijiji Kilichoinama, mpaka nitakaposema basi. Humu bahasha kuna picha yake niliyoikata kwenye kalenda. Turubai lenyewe siwezi kulipakia juu ya magunia ya dagaa. Chora kwa ukubwa uleule: upana mita mbili, kimo mita moja na nusu. Anza na mbingu, shuka. Brashi yako bapa itupe, tafuta ya mviringo. Kila nakala ikikauka niletee, usibaki nayo hata moja. Nakala ya mwanafunzi ni kama nepi, haihifadhiwi.

Utauliza kwa nini unakili cha mwingine wakati una vyako. Ni kwa sababu huna vyako. Asiyeweza kuutii mkono wa mwenzake kwa miezi michache hana mkono, ana mazoea.

T. Kalolo


Malangali
7 Januari 2024

Kwa Mwalimu Tadei,

Shikamoo.

Nakala ya kwanza anayo Ridhiwani, nimeikunja kwenye gunia nililolishona mwenyewe. Kitambaa ni marekani, nimekikaza kwenye fremu ya mbao na kukipaka rangi nyeupe mara tatu kisha nikakitoa. Mlango wangu ni mdogo, picha haikupita. Majirani walinisaidia kuitoa dirishani, na kila mmoja alitoa maoni.

Na mimi nitatoa yangu, kwa heshima zote. Nimeitazama picha yako mwezi mzima. Ina nyumba kumi na moja na zote zimelewa. Mlima ni mwekundu kama nyama iliyotundikwa buchani. Mbingu ni kijani, ile kijani ya maji ya bwawa, na njia inapita katikati ya kijiji kama mtu kamwaga uji. Bashiri alipoiona aliuliza kama aliyeichora alipona. Nilimwambia huyu ndiye mchoraji, mimi ni wa kibao cha choo. Akasema, basi afadhali choo.

Nimetii, lakini nyumba nimezinyoosha kidogo. Nimezaliwa Ufipa. Sijaona nyumba ya kwetu iliyoinama hivyo ikalala watu.

Margareth


Wampembe
28 Januari 2024

Wewe fundi wa kuku,

Marahaba. Umezinyoosha. Nimezihesabu zote, zimesimama kama wanafunzi wa darasa la kwanza wanaosubiri kuchapwa. Nilikupa kijiji, umenirudishia kambi.

Sikiliza, kwa sababu sitarudia. Siku ile nilikuwa nimesimama barabarani, mvua za mwisho za Machi zinanipiga masikioni, na nilikuwa narudi nyumbani baada ya miaka kumi na saba nikakuta nilichokuta. Nyumba hazikuinama. Niliinama mimi. Ukinyoosha nyumba unasema hakuna aliyesimama pale, ni kamera tu imesahauliwa barabarani. Usijiulize mlima una rangi gani. Jiulize ulikuwa na rangi gani siku uliyotoka kumzika mtu wako, na uitie hiyo, na usiione aibu.

Halafu umetumia nyeusi ya kopo. Nyeusi ya kopo ni ya kuandikia CHOO. Changanya buluu na kahawia mpaka ziache kugombana, utapata giza lenye mtu ndani. Huyo Bashiri mwambie nondo zake zimenyooka sana, akae nazo.

Rudia yote. Dominika ananiambia niongeze neno la kukutia moyo. Nimekataa.

T. Kalolo


Malangali
10 Machi 2024

Kwa Mwalimu Tadei,

Shikamoo.

Nakala ya pili ilikuja bila barua kwa sababu nilikuwa na hasira. Hii ya tatu inakuja na barua kwa sababu sasa nina la kusema.

Kuhusu mlima ulikuwa na haki, na inaniuma kukuandikia hivyo. Nilifanya ulivyosema. Nilimkumbuka mume wangu tulivyomzika, tukirudi kwa miguu, na jinsi kilima cha nyuma ya kanisa kilivyonikera kwa kukaa palepale. Nikautia nyekundu, nikaona haitoshi, nikatia nyingine kwa kidole. Nililia, nikaendelea kupaka. Kwenye bango sijawahi kulia, hata la jeneza.

Lakini matuta, Mwalimu. Hapo sikubali. Shamba lililo mbele ya picha umelijaza matuta ya mviringo, yale yetu tunayoyaita intumba, na yote yana vipara. Mimi Februari nzima nimekuwa nalima hayo. Tunakata nyasi zikiwa ndefu na mbichi, tunazifukia zioze tumboni mwa tuta, na juu tunapanda maharage siku zilezile, maana udongo ukibaki tupu mvua inaula. Mvua za mwaka unaofuata ndipo tunatawanya tuta na kupanda ulezi. Wewe nyasi za kando ya shamba umezichora ndefu na mbichi, na mvua umeniambia mwenyewe ilikuwa ya Machi. Tuta la Machi lisilo na maharage ni la mtu mvivu au la mtu asiyelima. Kijiji kizima hakiwezi kuwa cha wavivu.

Kwa hiyo nimeyapanda. Mkono ulipanda wenyewe, sikuweza kuuzuia. Ukiniuliza mimi, ulichora vipara kwa sababu uliondoka kijijini ukiwa mdogo na jembe hujalishika.

Margareth


Wampembe
Jumatatu ya Pasaka, 1 Aprili 2024

Margareth,

Ng'oa maharage.

Niliuchora udongo ulio wazi kwa sababu nilifika nikakuta pamefunguka. Kama nilishika jembe au sikushika hayakuhusu. Nimechora picha, sikuandika ripoti ya bwana shamba. Watu wa namna yako wakioneshwa mtu analia wanauliza leso ni ya duka gani.

Umejifunza kuchanganya giza, umejifunza kuinamisha nyumba, na mara moja umeota mapembe. Hilo ndilo tatizo la kumfundisha mtu wa mabango: akijua kitu kimoja anataka kukiandika juu ya mlango. Mlima wa nakala ya tatu hauchefui. Mengine yote yanachefua.

Rudia. Matuta yawe kama nilivyoyaacha. Na ufanye haraka, usifikiri mimi ni wa kuishi milele.

T. Kalolo


Malangali
5 Mei 2024

Kwa Mwalimu Tadei,

Shikamoo.

Nakala ya nne hii. Maharage nimeyang'oa. Nimechora tuta moja moja huku nimeuma meno, na mama mkwe wangu akanipigia makofi ya masikitiko kwamba nimelima bila kupanda.

Sitakudanganya, hii nimeipenda. Niliamka asubuhi nikaitazama kabla sijachota maji, nikasahau kwamba nimeichora mimi. Nilihisi baridi ya ile barabara yako. Sasa nimefika mahali ambapo siwezi tena kujipima mwenyewe, ndiyo maana nakuuliza lile nililokuuliza mwanzoni. Mimi ni mchoraji au si mchoraji? Nijibu kwa neno moja, hata likiwa baya. Mvua zimeisha, watu wa mabango wameanza kunitafuta, na nataka kujua niwajibu nini.

Margareth


Wampembe
26 Mei 2024

Margareth,

Nakala imefika. Banda la kuku la Dominika lilikuwa linavuja, nimelifunika nayo. Kuku wametulia.

Rudi kwenye misumari.

T. Kalolo


Malangali
16 Juni 2024

Mzee Tadei,

Leo sikuamkii. Soma hivyohivyo.

Ridhiwani aliporudi safari iliyopita alisimamisha gari mbele ya nyumba yangu akaniambia, "Mama Margareth, ule mzigo wako nimerudi nao, ila umeandikiwa Matai. Au wamekosea?" Nililitazama gunia. Ni gunia langu, nimelishona mimi kwa uzi wa bluu kwa sababu mweupe uliniishia. Nikamwambia hawajakosea, peleka kwenye basi la Matai. Kisha nikaingia ndani nikakaa.

Jumatano nilikwenda Matai. Nilisema nimekuja kupima kibao cha choo. Bwana Elia alinipeleka ukumbini kwa furaha, mikono nyuma kama mwenye nyumba, akanionesha ukuta. Iko pale, imetiwa fremu ya mninga. Pembeni chini imeandikwa T. Kalolo. Akaniambia, "Unaona tofauti sasa, Mama? Hii inaitwa sanaa." Halafu akanivuta karibu na picha, akaonesha kwa kidole nyuma ya nyumba ya tatu, akaninong'oneza kana kwamba ni siri ya kijiji: "Tazama tuta hili dogo. Mzee ameliwekea maharage. Wengine hawajui, lakini mzee anajua kilimo."

Moja lilinitoroka, Mzee. Nilikuwa nimeyang'oa yote, nikalisahau moja, na wewe hukuliona. Bwana Elia, bwana shamba wako, ameliona.

Unajua jambo gani limenichoma? Si ukuta. Ukuta niliuandika kwenye barua ya kwanza kwamba siuombi, na kama ungesema, "Margareth, nichoree," ningekuchorea na kufunga mdomo, kwa sababu kijiji ni chako. Nilikuomba kitu kimoja tu, neno moja, ndiyo au hapana. Ndiyo ulikuwa nayo mkononi, ukaipakia kwenye gari ikaenda kutundikwa, halafu mimi ukaniandikia habari za kuku. Jibu langu umeniibia. Mchoraji mkubwa wa Ufipa, na hukuweza kumwambia mwandika mabango neno moja lisilokugharimu kitu.

Sitasema kwa mtu. Nani ataniamini? Kaa na ukuta wako. Nakudharau kwa moyo wangu wote, na nimeona nikuandikie mwenyewe usije ukaambiwa na watu.

Margareth Sinkala


Wampembe
30 Juni 2024

Kwa binti yangu Margareth,

Tumsifu Yesu Kristu. Ni mimi Dominika, mwandishi wa barua zote. Hii sijasemeshwa na mtu, naiandika jikoni.

Barua yako nilimsomea kaka mara mbili. Alisema niichome. Sikuichoma, ila nimeona lazima ujue unachokidharau, usije ukadharau kisichokuwepo.

Mkono wake una mtetemo. Huu ni mwaka wa sita. Hawezi kufunga kifungo cha shati, chai namshikia mimi. Hajachora hata jani tangu mwaka 2018. Hapa kijijini tunasema kwamba ameacha kwa kiburi, na yeye anapenda isemwe hivyo. Ile picha ya 1984 nayo haipo. Pale ilipotundikwa paa lilivuja miaka, wakaturudishia turubai limeota ukungu, limebaki pande moja la mbingu upana wa kanga. Analo chini ya godoro. Bwana Elia alipokuja kumwomba picha yake ya zamani kwa ajili ya Matai, kaka alisema, "Ninayo." Nilikuwepo, nilimtazama, akatazama ziwa.

Wiki ileile ikaja barua yako. Nilipofika pale uliposema herufi zako zinasimama sawa, alisema, "Mungu ameniletea mkono." Mimi nikachukua kalamu nikaandika habari za wanafunzi wanne na nepi. Sahihi iliyoko Matai ni mkono wake, ila mimi ndiye niliyeushika kwenye kifundo. Dhambi hiyo tumegawana.

Na hili nakwambia kwa kuwa hajui ninaandika. Nakala yako ya nne alipoifungua alikaa nayo uani tangu chai ya asubuhi mpaka wanawake waliporudi kutoka ufukweni. Chakula hakukigusa. Halafu akaniita, nikadhani sasa atakusifia, akaniambia niandike kwamba imefunika banda. Mimi kuku sina. Sijawahi kufuga.

Ukumbi unafunguliwa Jumamosi tarehe 27 Julai. Wameandaa kwamba mzee ashike brashi atie rangi ya mwisho mbele ya watu, kama wakubwa wanavyokata utepe. Hajalala vizuri tangu aliposikia. Sikuombi umhurumie. Mimi mwenyewe ninyi wawili mmenichosha, mnatukanana kwa mkono wangu na wino wangu.

Dominika Kalolo


Malangali
10 Julai 2024

Kwa Mama Dominika,

Shikamoo Mama.

Nimeisoma. Kuhusu ugonjwa namwonea huruma, kama ninavyomwonea kila mgonjwa. Kuhusu mengine, mtetemo uko mkononi. Mdomo wake ni mzima, barua zote hizo zimetoka humo, na ndio ulioninyima neno langu.

Mwambie tarehe 27 sitakuja. Ajitafutie mkono mwingine. Huku kwetu mafundi wa kuku tupo wengi.

Margareth


Wampembe
18 Julai 2024

Margareth,

Dominika ameungama kwangu kwamba amekuandikia. Kwa hiyo unajua. Vizuri, nimepumzika kujifanya.

Usidhani nitapiga magoti. Nyumba zile nilizilipia, na njia ile nilikuwa nimeipita kumfuata mama nikamkuta ameshafukiwa siku tisa, na shamba lake limekaa vilevile alivyoliacha, matuta ameshayafunika, maharage hakuwahi kuyapanda. Uliponiambia ni shamba la mvivu nilitaka kukurudishia marekani yako ikiwa vipande. Ulichofanya wewe ni kutii. Mtu hapewi jina kwa kutii.

Halafu unaniuliza kama wewe ni mchoraji. Mchoraji haulizi. Muulize bwana shamba wako.

Kama unaona umeibiwa, simama mbele ya watu useme. Hutakuja. Umezoea kuandika majina ya wenzako juu ya milango yao.

T. Kalolo


Wampembe
4 Agosti 2024

Kwa binti yangu Margareth,

Hukuja, kwa hiyo nakueleza. Nakueleza kama ilivyokuwa, bila kupaka rangi.

Watu walijaa. Wageni walikaa mbele, wanakwaya walikuwa na sare, na nyuma walikuwepo wakulima waliokuja na watoto kwa ajili ya wali. Bwana Elia alihutubia sana. Kisha akamkabidhi kaka brashi na kopo dogo la rangi nyeupe, akasema mzee atatuwekea tone la mwisho kwenye mawingu. Nilisimama ubavuni kwake nimeshaandaa mkono wangu, kama tulivyopatana. Nilipomgusa kifundo alinisukuma.

Hakupanda kwenye mawingu. Aliinama chini pembeni, akalisugua jina lake kwa rangi ile mpaka likafutika. Halafu akaanza kuandika. Mkono ulikuwa unaruka kama samaki ndani ya mtumbwi. Herufi ya kwanza ilimaliza muda wa Salamu Maria tano. Brashi ilianguka mara mbili, akaiokota mwenyewe, hakutaka aokotewe. Vijana wa nyuma wakaanza kucheka, mmoja akasema mzee kapitia kilabuni. Bwana Elia akapiga makofi ili kufunika, wageni nao wakapiga wasijue wanapigia nini, na kaka akaendelea kuandika huku wanapiga na kuchoka na kuacha. Alipomaliza alikuwa ameloa jasho mpaka mgongoni. Ilisomeka MARGARET, na H ilikosa nafasi, imepanda juu ya fremu.

Wakampa kipaza sauti. Alisema, "Kijiji hiki ni cha mama yangu. Aliyekichora yuko Malangali, anaandika mabango. Ana kiburi na hanisikii. Ni mchoraji." Akarudisha kipaza sauti, akaomba apelekwe kwenye gari. Wali hatukula.

Tangu siku hiyo hazungumzi kuhusu jambo hilo. Nimemuuliza kama ana neno nikuandikie. Amesema ameshaandika.

Dominika Kalolo


Malangali
25 Agosti 2024

Kwa Mwalimu Tadei,

Shikamoo.

Bwana Elia alinipigia simu wiki iliyopita. Alikuwa mpole mno, sauti ya mtu aliyemeza mfupa. Aliniomba nifike Matai na brashi zangu. Aliniambia, "Mama, hatukujua. Sasa njoo ufute yale makwaruzo ya mzee, uandike jina lako vizuri kwa mkono wako, wageni wanatucheka."

Nilikwenda. Nilibeba brashi bapa, rangi, na rula. Nilikaa sakafuni mbele ya ile pembe muda mrefu mpaka mlinzi akaniletea kigoda.

Picha yenyewe niliitazama kwanza. Naijua mno, naweza kuichora gizani, na kadiri ninavyoijua ndivyo ninavyoona kwamba mimi simo. Nimo kwenye tuta moja tu la maharage. Kwa hilo ulikuwa na haki, nilitii. Kuhusu shamba la mama yako nisamehe. Ningejua, nisingeng'ang'ania.

Kisha nikatazama jina. Nimeandika majina miaka kumi na minane, Mwalimu, ya maduka, ya mashule, ya marehemu. Najua mstari unavyotoka brashini ukiwa na raha, ukiwa na haraka, ukiwa na njaa. Huu sijapata kuuona. Ile M imekatika mahali pane na kila mahali umerudi. A ya pili inataka kuanguka na haianguki. Nilimwambia Bwana Elia kwamba sifuti, na akimleta mwingine afute nitakuja na wakulima wote wa Malangali. Akaniuliza sasa kibao cha choo nani ataandika. Nikamwambia mimi, nikakiandika palepale, kimenyooka.

Nyumbani nilichukua kipande cha marekani nikaanza kulinakili jina lile. Nilichezesha mkono kwa makusudi. Nikajaribu wa kushoto. Nikafunga jiwe kwenye kifundo, nikaandika baada ya kulima nikiwa nimechoka hoi. Siku tatu nimejaribu, na kila mara inatoka ya mtu anayejifanya. Kijiji chako chote nilikiweza kwa miezi sita. Huo mstari siuwezi.

Mwanafunzi wako,
Margareth Sinkala